Tomu ya chini haikubali kutyuni? Kabla hujanunua ngozi nyingine, kagua mdomo wa mzinga (uzi)

#1 – Kijiti Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo nimekaa nalo muda. Kila wiki naona mtu anauliza "ngozi gani nzuri?" au "mbona tomu yangu inalia kama debe?", na jibu ni lile lile: nunua ngozi mpya. Mimi nilinunua. Mara tatu.

Ngoma yenyewe ni tomu ya chini (ile ngoma kubwa ya seti inayosimama kwa miguu yake) ya inchi 16, ya kanisani kwetu, boliti nane juu na nane chini. Ukiitazama kwa mbali ni nzima kabisa: rangi ipo, miguu ipo, pete ya chuma inayobana ngozi haina kutu. Kutyuni sasa, ndiyo shughuli. Unakaza boliti ya upande wa kushoto, sauti pale inapanda. Unaenda ya mkabala, kumbe kumelegea. Unarudi ulikotoka, napo pameshaharibika. Unaizunguka na ufunguo mkononi kama mtu anayekimbiza kuku. Mwisho wa siku unabaki na sauti mbili zinazokaribiana ndani ya ngoma moja, zinagombana, unasikia "woo-woo-woo" mpaka inafifia. Kijana wa mitambo akaweka teipu. Tukaongeza teipu. Kuna Jumapili ile ngoma ilipigwa ikiwa na leso ya mtu juu yake.

Siku tunasafisha vyombo kabla ya Pasaka nikaifungua yote. Nikafumba macho nikapitisha kidole kwenye mdomo wa mzinga, taratibu. Sawa, sawa, sawa, halafu kidole kikazama. Bonde la upana wa kama vidole vitatu, kina chake si kikubwa, hakifiki unene wa kadi ya benki, na pembeni yake nyuzi za mbao zimechanika. Hapo ndipo nilipokumbuka tulivyohama jengo. Ngozi zilitolewa "zisije zikapasuka", mizinga ikapakiwa mitupu kwenye kirikuu, imesimama kwa midomo yake juu ya bati, na barabara mnaijua. Ule mzinga ulijisaga njia nzima.

Kwa wasiofahamu: mzinga ni ule mwili wa mbao. Mdomo, au ukingo, ni pale juu ngozi inapokalia. (Fundi wangu seremala anasema mdomo, jamaa wa studio wanasema ukingo. Nitatumia yote mawili, tusigombane.) Ngozi haigusi mzinga mahali pengine popote. Inakaa kwenye mstari ule mwembamba tu unaozunguka. Mstari ukiwa na bonde, boliti iliyo karibu nalo inaanza kwa kuivuta ngozi iingie bondeni ndipo iikaze, na wakati huo imeshawanyang'anya majirani zake. Wazee walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapa anayevutia kwake si mwambaji, ni mzinga.

Kupima ni rahisi. Toa ngozi na pete pande zote, futa vumbi. Tafuta uso ulionyooka kweli, kama kioo kinene cha milimita 10 au kaunta ya graniti jikoni. Meza ya mbao hapana, sakafu ya vigae hapana kabisa. Hata hicho kioo kipitishe rula ya chuma kwanza. Simamisha mzinga mdomo ukiwa chini, weka simu ndani ikiwa imewashwa tochi, funika juu kwa kitenge kizito, zima taa ya chumba, kisha piga magoti uchungulie usawa wa kioo. Mdomo ulio mzima hautoi mwanga. Penye bonde utaona mstari mweupe.

Ukitaka kujua kina, chukua karatasi ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.1. Ikipita moja mimi sihangaiki. Zikipita tatu au nne zikiwa zimepangwa pamoja, hapo kuna kazi. Kwangu zilipita tano.

Namna nilivyoitengeneza nitaieleza nikirudi. Kwanza nasikiliza.

#2 – Toazi la Tanga

Nimeweka kiti mbele. Msasa lini?

#3 – Besi ya Magomeni

Kijiti, uzi mzuri, ila tusitishane mkuu. Mimi napiga kumbi za harusi miaka mingi, na ngoma kumi zikija kwangu zinalalamikiwa, nane ni ngozi iliyokufa au pete iliyopinda. Zile pete za chuma chembamba cha milimita 1.6 zinazokuja na seti za bei nafuu, mtu akikaza boliti moja kwa hasira tu imeshakunja. Leo ukimpa kila kijana wa bendi msasa, mwezi ujao hatutakuwa na ngoma mjini.

Kabla ya kumgusa mzinga fanya hivi. Tafuta ile sehemu isiyokubali, weka alama kwa chaki kwenye mzinga, kwenye pete na kwenye ngozi. Legeza yote, zungusha ngozi peke yake robo duara, funga, tyuni tena. Ubovu ukihama na ngozi, mkosaji ni ngozi. Ukibaki palepale, sasa zungusha pete. Ukihama na pete, ilaze pete kwenye hicho kioo chako uone inavyocheza kama kiti kibovu cha mgahawa. Ukibaki palepale hata baada ya hapo, ndipo ulete hadithi za mdomo.

#4 – Kijiti Kavu

Besi, hapo umenishika. Hicho kipimo chako ningekijua mapema ningeokoa hela ya ngozi mbili. Wakuu, isomeni #3 kabla ya #1.

#5 – Mama Vyombo

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Mimi si mpigaji, niko kamati ya vyombo kwenye kwaya. Ngoma zetu mwaka jana vijana walizipaka rangi ya kupulizia zipendeze kwa ajili ya mkutano. Zimependeza kweli. Lakini tangu hapo mpigaji wetu anasema "hazishiki". Wengine tulidhani anatafuta seti mpya. Inawezekana rangi ikaharibu sauti?

#6 – Fundi Randa

Marahaba wa upande wangu, mama. Inawezekana, na nimeiona zaidi ya mara moja. Mimi ni seremala, ngoma zinaniletea watu kwa sababu wanajua nina ruta, ile mashine ya kuchonga kingo za mbao.

Rangi ya kupulizia ikikolea mdomoni inajikusanya vitone vitone vigumu. Kila kitone ni kilima. Ngozi inakaa juu ya vilima vitano sita badala ya kukaa mzunguko mzima. Tena ikipakwa nje ya mzinga mara tatu nne, mzinga unanenepa, na ngozi ambayo zamani ilikuwa inavaa yenyewe inaingia kwa kusukumwa. Hiyo haitatulia hata umlete nani. Ngozi ukiiweka juu ya mzinga bila pete, inatakiwa uizungushe kwa vidole viwili bila kubishana nayo. Kwa seti zilizovikwa plastiki ya rangi ni vilevile: pale plastiki inapopandiana, ule mshono ukiwa umefika mpaka juu kabisa utaibana ngozi upande mmoja.

Usiwaruhusu waikwangue kwa kisu, mama. Rangi ya nje iondolewe kwa msasa laini, sentimita mbili za juu tu, pale panapofunikwa na pete, haitaonekana. Ya mdomoni ikwanguliwe kwa ukucha wa plastiki au kadi ya zamani. Ikikataa, msasa namba 400 kwa mkono mwepesi, vile vitone tu, usiguse mbao.

Kingine ambacho watu wa mijini mnasahau ni bungua. Mizinga ya mbao laini ikikaa stoo yenye unyevu inaliwa. Ukiona vitundu kama vya sindano na unga mweupe chini, usianze kusaga. Dawa ya wadudu kwanza, ikauke, ndipo uulize kama kuna mdomo uliobaki wa kutengeneza.

#7 – Kijiti Kavu

Nimerudi. Sasa kusaga. Yangu ilikuwa na mambo mawili: bonde, na pale pembeni pamebanduka kipande.

Kipande kilichobanduka nilianza nacho. Fundi wangu alichukua unga wa mbao uliotoka kwenye msumeno, akaudondoshea gundi ile ya haraka tone kwa tone mpaka ukawa jiwe, akaacha kiinuke kidogo juu ya mdomo. Pengo likiwa kubwa zaidi ya ukucha wa kidole cha mwisho, atatumia gundi ya kuchanganya vichupa viwili na kuiacha usiku kucha. Kujaza ni lazima kuje kabla ya kusaga, maana msasa ndio utakaokuja kuliweka sawa na wenzake.

Halafu kioo. Msasa wa karatasi haufiki upana wa inchi 16, kwa hiyo nilinunua ule wa kitambaa unaouzwa kwa mita, namba 150, nikaubandika kwa teipu ya pande mbili. Vipande vikutane bega kwa bega, visipandiane. Vikipandiana umetengeneza ngazi, na mzinga utaipanda kila mzunguko.

Kisha penseli, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Chora mistari ya kukatakata juu ya ukingo, mzunguko mzima. Weka mzinga juu ya msasa, shika kwa mikono miwili karibu na chini, usiukandamize, uzito wake unatosha. Duara ndogondogo. Baada ya kama duara kumi, geuza mzinga robo, endelea. Sababu ya kugeuza ni kwamba mkono wako wenye nguvu unakandamiza bila wewe kujua, na usipogeuza utatoka na mzinga uliolala upande. Inua, tazama. Palipofutika penseli ni palipokuwa juu. Penseli iliyobaki ndiyo bonde lako. Mimi raundi ya kwanza nilikuta penseli imefutika kila mahali isipokuwa kale kasehemu ka vidole vitatu, kamekaa kameng'ara kijivu kama kananicheka.

Unaendelea mpaka alama ya mwisho inaondoka. Ikiondoka tu, acha. Usiongeze "ya baraka".

Sasa una mdomo ulionyooka lakini umekuwa butu. Ukisaga nusu milimita kwenye ukingo uliokuwa na ncha, pale juu panabaki uwanda mdogo, kama milimita moja kwa ukingo uliokatwa nyuzi 45 ndani na nje. Ukiuacha hivyo ngoma italia, lakini sauti itakuwa imekauka kidogo. Ukitaka ncha irudi na una mtu wa ruta, mpelekee Fundi Randa au mwenzake. Mimi nilifanya kwa mkono, kwa penseli tena: nikaupaka ule uwanda wote rangi ya penseli, nikachukua kibao kilichofungwa msasa 220, nikawa nasaga mteremko wa ndani peke yake kwa pembe ileile ya zamani, nikitazama mstari wa penseli unavyopungua upana. Ukishakuwa mwembamba kama uzi, na upana wake ni mmoja kuzunguka kote, umemaliza. Mstari wenyewe huugusi, ndio unaokulindia unyoofu wako.

Ilinichukua mchana mzima wa Jumamosi. Ngozi niliyofunga ni ile ya tatu, ambayo nilikuwa nimeitangazia kifo. Kaza kwa vidole, kandamiza katikati kwa kiganja, nusu mzunguko kila boliti kwa kuvuka, halafu robo. Gonga sentimita tatu kutoka ukingoni mbele ya kila boliti. Nane zote zikanijibu karibu sawa, kabla hata sijaanza kusahihisha. Nilibaki nimekaa chini na ufunguo.

#8 – Nyaya Zimekatika

Mimi nilisoma mambo haya mahali fulani, nikajifanya fundi kwenye snea yangu ya mbao (ile ngoma fupi yenye nyaya zinazolala juu ya ngozi ya chini). Nikaipima upande wa chini, nikaona mwanga unavuja pande mbili zinazotazamana. Nikasema "naam, haya ndiyo mabonde". Nikasaga. Nilisaga kweli, nikayamaliza. Kioo na mdomo vikawa kama maji na mtungi.

Nimefunga, nyaya zinapiga kelele zenyewe hata mtu akikohoa. Nikikaza nyaya zinakabwa, nikilegeza zinakoroma. Ile "tss" kavu ya katikati imepotea mpaka leo.

#9 – Fundi Randa

Pole sana kijana wangu. Yale hayakuwa ubovu. Ulisaga njia ya nyaya.

Jamani, andikeni mahali: snea, upande wa chini, ina mabonde mawili ya makusudi, moja chini ya mahali nyaya zinapofungwa na jingine mkabala wake. Ni marefu, kama upana wa kiganja au zaidi, na kina chake ni kidogo, milimita moja hivi, mengine hupita hapo. Yanaifanya ngozi ya chini ishuke kidogo pembeni ili nyaya zilale juu yake zikiwa zimenyooka. Bila hayo nyaya zinakalia ncha zake, katikati zinaning'inia.

Mwanga ukivuja hapo, mshukuru aliyetengeneza. Unachopima upande huo ni ile sehemu nyingine iliyobaki ya mzunguko. Bonde la ubovu ni fupi na halina mwenzake ng'ambo. La nyaya ni pana, linaingia polepole na kutoka polepole, na huwa ni mawili.

Yako yanarudishika. Mpelekee mtu mwenye subira, apime katikati ya kifungio cha nyaya, achore pande mbili zilingane, atoe kidogokidogo kwa kibao cha mviringo na msasa huku akifunga na kujaribu. Mimi nikifanya hiyo kazi nafunga na kufungua hata mara tano.

#10 – Mla Kaimati

Salaam kutoka Mombasa. Mwazungumza mbao, na sisi wenye snea za chuma je? Yangu ina upande mmoja umebonyea kidogo mdomoni baada ya kuanguka jukwaani, na chumvi ya bahari nayo hainipi nafasi. Nisage?

#11 – Besi ya Magomeni

Usisage, shekhe. Mdomo wa chuma kwa kawaida umekunjwa, haukuchongwa, na juu yake kuna kromu. Ukishaikwangua kromu umeikaribisha kutu, na kwa hewa yenu ya Mombasa haitahitaji kualikwa mara mbili. Palipobonyea weka kigogo cha mbao kwa ndani kilichochongwa mviringo ule ule, gonga kwa nyundo ya mpira, taratibu, ukipima kwenye kioo kila baada ya mapigo machache. Kwa chumvi, kitambaa kikavu kila baada ya shughuli, na kila ukibadili ngozi futa mdomo kwa tone la mafuta ya cherehani halafu ukaushe. Nimekaa Tanga miaka miwili, najua ninachosema.

#12 – Toazi la Tanga

Swali la ugomvi sasa: ukingo mkali na ukingo wa mviringo, upi una sauti? Maana mjomba ana seti ya zamani, mdomo wake umelala kama mdomo wa kikombe, na ngoma inalia vizuri kuliko yangu yenye ncha. Nichonge wa mjomba uwe na ncha?

#13 – Kijiti Kavu

Ukiichonga hiyo nakuja Tanga kwa miguu.

Ukingo mkali wa nyuzi 45 unagusa ngozi kidogo sana, kwa hiyo ngozi inatetemeka muda mrefu, sauti inang'aa, na fimbo inasikika. Ukingo wa mviringo, au ule wa nyuzi 30 unaolala, unaigusa ngozi eneo pana zaidi. Mtetemo unakatika mapema, sauti inakuwa nene na ya joto. Ngoma za kampuni ya Ludwig za miaka ya 1960 zina mdomo wa mviringo, wenzao Gretsch wanajulikana kwa nyuzi 30, na watu wanazitafuta hizo seti mpaka leo kwa sababu hiyohiyo. Ngoma ya mviringo haijaharibika, iliumbwa hivyo.

Na asili yake ina maana. Ngozi za plastiki zilianza kuuzwa miaka ya 1950. Kampuni ya Remo ilianzishwa 1957 na Remo Belli, mpiga ngoma wa Marekani. Kabla ya hapo ilikuwa ngozi ya ndama, na ngozi ya mnyama huikalishi juu ya makali, hasa ukishailowesha na kuivuta. Plastiki ndiyo iliyoruhusu ncha.

Kwa hiyo ukirekebisha, rudisha ulichokikuta. Mviringo ubaki mviringo. Kama nia yako ni kubadili kabisa tabia ya ngoma, basi fanya kwa ngoma ambayo hutailia.

#14 – Mwana wa Ziwa

Nawasoma nikiwa Kigoma, ila kwetu ni ng'ambo ya mpaka. Hilo la mviringo limenigusa. Ngoma zetu za Burundi zinachongwa kutoka gogo zima, mti tunauita umuvugangoma, na ngozi ya ng'ombe inafungwa kwa vigingi vya mbao pembeni. Niliwahi kumtazama mzee akichonga. Alipofika mdomoni alipunguza mwendo. Alilainisha, akapitisha kiganja, si kidole, kiganja kizima, akazunguka mara nyingi. Nikamuuliza mbona hapo unachelewa. Akanionyesha ngozi moja ya zamani iliyochanika kwa mstari, kama imepigwa wembe, mzunguko wa mdomo. Hakuongeza neno.

#15 – Nyaya Zimekatika

Mwana wa Ziwa, hiyo ya kiganja nimeipenda. Na je, baada ya kusaga mnapaka kitu? Rafiki yangu anapaka mafuta ya kula.

#16 – Fundi Randa

Mwambie rafiki yako mafuta ya kula ni ya chapati. Yanavunda, yananata, yanakusanya vumbi, na mende wanakuja kama wamealikwa.

Mbao uliyosaga iko wazi, na pwani unyevu unaingia humo masika yote. Chukua nta ya nyuki ukiipata, au mshumaa mweupe wa kawaida. Sugua mdomoni mzunguko mzima, kidogo tu, kisha chukua kitambaa cha pamba usugue kwa nguvu mpaka pang'ae na usione mabonge. Nta inazuia unyevu na inaifanya ngozi iteleze unapokaza, haishikwi upande mmoja. Ikiwa unaona tabaka jeupe, umezidisha, futa. Na uwe umemaliza kazi zote za gundi kabla, maana juu ya nta gundi haishiki.

Kuhifadhi: usiache mzinga mtupu. Hata kama ngozi ni mbovu, ifunge na pete yake, kaza kwa vidole. Inaulinda mdomo usigongwe na inaushika mzinga usipinde. Mizinga myembamba iliyokaa mitupu stoo nimeipima ikakutwa kipenyo cha upande huu na upande ule vimepishana milimita tano. Hiyo hakuna msasa wa kuitibu.

#17 – Mama Vyombo

Nimeleta mrejesho.

Tulifungua zote Jumamosi. Kioo tuliazima kwa muuza samani, kitenge changu ndicho kilichofunika. Watoto wa shule ya Jumapili walidhani ni mchezo, wakapanga foleni kuchungulia.

Tomu mbili ndogo zilikuwa na vitone vya rangi mdomoni kama alivyosema Fundi, tumevitoa kwa kadi ya simu iliyokwisha. Ngozi zilikuwa haziingii, sasa zinazunguka. Tomu ya chini haikuvuja mwanga hata kidogo, lakini tulipofanya kile cha chaki cha Bwana Besi, ubovu ukahama na pete. Pete tukailaza kwenye kioo, ikawa inagonga "ka-ka, ka-ka". Kumbe ilikaliwa na spika siku ya mkutano. Tunatafuta nyingine.

Mpigaji wetu nimemuomba radhi.

#18 – Besi ya Magomeni

Mama, pete ya inchi 16 ya boliti ngapi? Hesabu kabla hujanunua, zipo za sita na zipo za nane, na muuzaji hatakuuliza. Ukiweza chukua ya milimita 2.3, hiyo hata spika ikikalia italeta ubishi.

#19 – Mama Vyombo

Sita. Asante baba.

#20 – Mla Kaimati

Kijiti, kile kioo cha milimita 10 wakipata wapi? Huku nimeambiwa nilipie kipande kizima.

#21 – Kijiti Kavu

Usinunue kizima. Nenda kwa wanaofunga vioo vya milango ya maduka, uliza mabaki, kila siku wanavunja. Cha sentimita 50 kwa 50 kinakutosha hadi tomu ya inchi 16. Waambie wakupigie msasa kingo zake, mimi sikuwaambia na nina kovu la kidole gumba. Na ukifika nyumbani kilaze juu ya godoro jembamba au blanketi lililokunjwa, si juu ya meza iliyopinda, maana kioo nacho kikikalia uvimbe kinapinda kidogo na kitakudanganya.